Kifaranga wa kachori

Paka wa kwanza niliyemuumba kwa wali alirudi nyumbani mzima. Masikio mawili, sharubu za mwani, kipua nilichokibandika kwa kibano, vyote vilikuwa pale pale nilipoviacha asubuhi. Wali ulishakauka. Nunu aliliweka kopo mezani kwa mikono miwili, akaniambia, "Mama, sikuweza kumla. Alikuwa ananitizama."

Nilikaa jikoni nikalia. Haikuwa hasira. Nilimhurumia, maana nilijua ameshinda na njaa kutwa nzima kwa sababu ya kitu nilichokifanya mimi kwa mapenzi.

Humu nitamwita Nunu, jina letu la nyumbani. Alikuwa na miaka mitatu na nusu, na siku ile, mwisho wa Aprili, ndiyo ilikuwa siku yake ya kwanza kubeba bento, kopo la chakula cha mchana, katika chekechea hapa Nagoya, Japani. Kijapani chake kilikuwa maneno matano. Changu kilimzidi kidogo tu. Wiki nzima nilikuwa nikitizama picha za kyaraben, yaani bento zinazopambwa kwa sura za wanyama na vikatuni, nikajiapiza kwamba mwanangu hatafungua kopo la chakula cha kushangaliwa mbele ya wenziwe. Nikaamka saa kumi alfajiri. Saa mbili zote zikaishia kwa paka mmoja.

Na kopo lenyewe lilikuwa kubwa mno. Nilinunua la mililita 500, la mtu mzima, kwa kuwa kwetu kumpa mtoto chakula kidogo ni kama kumnyima. Mwalimu wake akaniandikia katika daftari la mawasiliano, lile linalokwenda na kurudi ndani ya begi kila siku, na jirani yetu wa ghorofa ya chini akanisomea pole pole. Kwa mwanzo tia kidogo, hata ukiona ni kidogo mno, ili mtoto amalize. Akimaliza atafurahi, na kesho atafungua tena bila woga. Tia vitu vya tonge moja. Na tia kile anachokula nyumbani.

Hilo la mwisho ndilo lililonizindua. Mimi nilipika chakula cha picha. Nyumbani Nunu alikuwa anakula nini? Kachori.

Kwa asiyezijua: unachemsha mbatata, unaziponda na chumvi, ndimu, thomu na pilipili ya kuonjesha, unafinyanga viduara, unavichovya katika uji wa unga wa dengu uliotiwa manjano, kisha mafutani. Zinatoka na rangi ya kifaranga. Mimi ni mtoto wa Paje huko Unguja, nimekula kachori ndani ya urojo tangu sijui kusoma, na sikuwahi kumuona huyo kifaranga mpaka usiku ule nilipokuwa nimesimama mbele ya sufuria nawaza la kufanya. Nilizitoa tatu, nikaziweka juu ya karatasi zijichuje, nikaziona zinanitizama bila macho. Zilibakia macho na midomo tu.

Basi nitaeleza ninavyofanya, maana kila nikituma picha kwenye kundi la familia naulizwa.

Mbatata hapa ni aina mbili kubwa. Iko danshaku, ya mviringo, yenye unga, na iko May Queen, ndefu kidogo, yenye kuteleza. Kwa kachori chukua danshaku. Ile nyingine inabaki na maji ndani na kachori inapasuka mafutani. Kifaranga wa mtoto hazidi nusu ya ndimu, maana akiwa mkubwa atamng'ata upande, uso utavunjika, na tutarudi kwenye huruma ya paka. Nazipika Jumanne usiku baada ya isha, nazitia kwenye friji, na asubuhi nazipasha mpaka zifuke moshi ndani, kisha naziacha zipoe.

Mdomo ni karoti iliyochemshwa, inakatwa pembetatu ndogo kama ukucha wa mtoto. Haigandi yenyewe. Hapo ndipo jirani yangu aliponipa siri ambayo naihesabu kuwa zawadi: kijiti cha tambi kavu ya spageti. Unavunja kipande cha sentimita moja, ncha moja unaichoma ndani ya karoti, nyingine ndani ya kachori. Ikifika saa sita mchana tambi imeshafyonza unyevu wa chakula, imelainika, na mtoto anaitafuna bila kujua kwamba ilikuwepo. Kijiti cha meno hakiingii katika kopo la Nunu hata siku moja. Hilo sina mjadala nalo.

Macho ni punje mbili za ufuta mweusi. Nachovya ncha ya kibano katika mayonezi, nagusa kachori pale jicho linapotakiwa, kisha naiweka punje juu ya ile alama. Inahitaji kuzuia pumzi. Kwa muda mrefu nilikuwa nayaweka macho juu, kwenye paji, kwa kuwa ndivyo nilivyodhani uso ulivyo. Vifaranga wangu wakawa kama wazee wenye madeni. Asubuhi moja nikayashusha chini ya mstari wa katikati, nikayatenganisha, mdomo nikausogeza karibu kabisa na macho. Ndipo akatoka kifaranga! Mume wangu, aliyekuja kusoma biolojia chuo kikuu hapa, alisimama nyuma yangu na kikombe cha chai akaniambia kwamba mtaalamu mmoja wa tabia za wanyama, Konrad Lorenz, aliliandika jambo hilo mwaka 1943: paji kubwa, macho makubwa yaliyokaa chini, mashavu ya mviringo, huo ndio uso wa kitoto unaomlainisha mtu moyo. Nilifurahi kusikia. Lakini tangu siku hiyo nimefundisha kina mama wanne jambo hilo hilo bila kumtaja Lorenz, kwa maneno mawili tu: teremsha macho.

Kopo la pili, la mililita 270, lilirudi jeupe. Nilikuta punje moja ya ufuta tu, imenata kwenye kifuniko.

Mwani una habari yake. Nori ni mwani, na mimi mwani nimelelewa nao. Kilimo cha mwani kilianza kwetu Unguja mwaka 1989, na mama yangu ni katika waliokiingia mapema. Wa kwetu, spinosamu na kotonii, hatuuli. Unafungwa kwenye kamba, unavunwa maji yakipwa, unaanikwa, unauzwa kwa kilo, unasafirishwa kwenda kutolewa karajinani, ute wa kufanya vitu viwe vizito, inayotiwa katika dawa za meno na aiskrimu. Nori ni jamii nyingine, unakatwakatwa, unatandazwa na kukaushwa mpaka unakuwa kama karatasi nyeusi. Hapa Aichi penyewe, kwenye ghuba ya Mikawa na pwani ya Chita, wako watu wanaoulima kama mama anavyolima wake. Nilimpelekea pakiti moja kwa mtu aliyekuwa anarudi Zanzibar. Akaipokea, akainusa, akainyanyua juani aone mwanga unavyopita, tukawa tunamtizama kwenye simu. "Miaka yote hii," akasema, "maji yananifika kiunoni, sikujua kama mwani unaweza kuwa macho ya mtu."

Nori una tabia zake. Ukiubandika juu ya wali wa moto unajikunja, na sura iliyokuwa inacheka inakuwa imekunja uso. Mimi naulaza kwanza juu ya slaisi ya jibini, nakata vyote pamoja kwa mkasi wa kucha, kisha ndiyo naviweka juu ya wali uliopoa. Jibini inauzuia usijikunje. Madukani, yale ya kila kitu yen 110 pamoja na kodi, kuna kifaa cha kutobolea mwani, ukikibana kinatoa macho, vinywa na nyusi tayari. Ninacho, nakitumia siku za haraka. Lakini macho yake yote yanafanana, na Nunu anajua. Anasema, "Huyu umemnunua."

Wali pia nimejifunza kwa hasara. Nilijaribu wa nazi, kwa kuwa ndio anaoupenda, na hata kwa mchele wao unaonata, tui langu zito lilifanya punje ziteleze, masikio ya koala, yule mnyama wa Australia mwenye masikio makubwa, yakaanguka kabla ya kopo kufika mlangoni. Siku hizi wali wa nazi naupakia ulivyo, bila sura, na wa sura naupika kwa maji na chumvi.

Koala ni wa lazima katika mji huu. Bustani ya wanyama ya Higashiyama ni miongoni mwa zile zilizopokea koala wa kwanza kuletwa Japani, mwaka 1984, na watoto wa Nagoya wanakua nao. Wali wa kijivu unaupata kwa ufuta mweusi wa kusaga, kijiko kimoja cha chai kwenye bakuli dogo la wali, usizidishe, ukizidi unakuwa rangi ya saruji. Pua iwe kubwa, yenye umbo la yai, ya mwani. Ukikosea pua ya koala umetengeneza panya.

Lakini aliyetufungulia milango hapo Higashiyama si koala. Ni sokwe. Yuko gorila dume, alikuja kutoka Sydney mwaka 2007, maarufu Japani nzima kwa uzuri wa sura yake, na jina lake ni Shabani. Nunu aliporudi siku hiyo hakuvua hata viatu. "Mama, wanamjua Shabani!" Kwetu Shabani ni jina la mtu, na mara nyingi ni mtu aliyezaliwa mwezi wa Shaabani, na mjomba wangu mmoja ndivyo anavyoitwa. Nunu aliwaambia wenziwe kwamba hilo ni jina la nyumbani kwao, wakamtaka alitamke tena na tena, wakawa wanamfuata uwanjani wanasema Shabani, Shabani, na yeye anawasahihisha. Yale ndiyo mazungumzo yake marefu ya kwanza kwa lugha yao. Ilipofika safari ya chekechea ya msimu wa majani mekundu, safari ya kwenda Higashiyama, nilijua nitapika nini. Nikafinyanga tonge la wali, nikalifunika lote kwa nori, uso nikaupa wali wa kijivu uliobanwa bapa, paji limetokeza, macho madogo, karibu karibu. Kwa gorila macho hayatengani. Alimla. Alianza na paji.

Kwangu mimi kopo moja, sura moja. Naziona bento za watu zenye msitu mzima ndani, kila kitu kina macho mpaka brokoli, na nawaheshimu kwa kazi yao. Lakini mtoto akifungua anahitaji mtu mmoja wa kumsalimia. Vingine vibaki chakula: yai la kukunja, karoti iliyokatwa maua, kipande cha samaki wa kuchoma, brokoli kama brokoli. Nikifuata hivyo namaliza kwa dakika ishirini na tano, nasali, nakunywa chai, na namwamsha Nunu nikiwa na uso mzuri.

Ijumaa ni siku ya mikate. Boflo la hapa linauzwa limeshakatwa, na unachagua unene kwa idadi ya vipande: vinne, vitano, sita, vinane. Kwa sandwichi za mtoto chukua vya nane, au vyembamba zaidi ukivipata. Pembeni mwa mkate, pale penye rangi ya kahawia, wenyewe wanapaita "mimi", kwa Kijapani maana yake sikio. Jina lenyewe lilinifurahisha, kwa kuwa kazi yangu kila wiki ni kuwakata mikate masikio.

Siri ya sandwichi ya umbo ni kungoja. Paka siagi mpaka ukingoni ili mkate usinywe maji ya ndani, weka jodari wa kopo aliyekamuliwa vizuri, funika, viringisha katika nailoni ya kufungia chakula, iache dakika kumi chini ya sahani. Ukikandamiza kikatio cha biskuti kabla ya hapo kila kitu kinatoka ubavuni. Kikatio kiwe na umbo nene, nyota au moyo au samaki. Twiga shingo yake itabaki mezani. Na kama huna kikatio, kunja mkate na jibini ndani yake kama unavyokunja mkeka, ufunge kwa nailoni, pindua ncha mbili kama pipi. Nunu anazipenda hizo kuliko zote, kwa sababu anafungua mwenyewe.

Iko njia nyingine isiyohitaji ufundi wowote. Kata umbo la mwezi katika karatasi ya foili, liweke juu ya mkate, uingize katika tosta ya kulaza. Mkate wote unapata rangi, pale penye foili panabaki peupe. Mwezi unatoka. Ramadhani iliyopita nilimfanyia hivyo kwa wiki nzima, kwa kuwa alikuwa anatuuliza kila siku mwezi uko wapi.

Yale masikio siyatupi. Nayakata vijiti, nayakaanga, nayageuza ndani ya shira ya sukari na iliki mpaka igande nyeupe, kama visheti. Harufu yake ikitoka, jirani anagonga mlango. Sahani yangu haijawahi kurudi tupu.

Sasa nataka nisikilizwe kidogo. Hapa ikiingia Juni mvua zinaanza, joto na unyevunyevu kwa mwezi na zaidi, na kopo linakaa kwenye begi kuanzia saa mbili asubuhi. Uzuri wa kifaranga hauna maana kama chakula kimechacha. Wali nauumba ndani ya nailoni, siugusi kwa mkono mtupu. Yai napika mpaka likauke katikati. Kopo silifungi hadi kila kitu kipoe kabisa, kwa kuwa mvuke ukinaswa unageuka maji, na maji ndiyo yanayoharibu. Kipakiti cha barafu kinakaa juu ya kifuniko, maana baridi inateremka. Tungule ndogo nazitoa vikonyo kabla ya kuziosha, kwa sababu vijidudu vinajificha pale, kisha nazikata vipande vinne. Zabibu hivyo hivyo. Mayai ya kware, yanayopendwa sana kwa vichwa vya sungura, nayakata pia, hata kama sura inapotea. Karanga na njugu ngumu hazimo kabisa, na serikali ya hapa inawaonya wazazi wasiwape watoto wa miaka 5 kushuka chini. Koo la mtoto ni jembamba. Ukipata picha ya bento nzuri yenye zabibu nzima nzima, furahia picha, kisha kata zabibu.

Jambo lililonichelewesha zaidi lilikuwa pweza. Kila mtoto hapa anamjua pweza wa soseji: soseji ndogo nyekundu, unaichanja upande mmoja, ukiikaanga miguu inafunguka. Soseji za madukani karibu zote ni nguruwe, na hata zilizoandikwa kuku unaweza kukuta ngozi yake au mafuta yake si ya kuku. Nilijifunza herufi ya nguruwe kabla ya herufi za jina la mtaa wangu, na ninasimama dukani nasoma nyuma ya kila pakiti, mkate, mchuzi wa soya, hata mtindi kwa ajili ya jelatini. Miaka miwili Nunu alikuwa anawaona pweza kwenye makopo ya wenziwe. Hakulalamika. Kutolalamika kwake ndiko kulikoniuma. Mwezi uliopita Mpakistani mwenye duka tunalonunua nyama alileta soseji za ng'ombe za halali, fupi, nyembamba, zimegandishwa. Nikachukua pakiti tatu.

Jumamosi tulimpigia Bibi yake. Kwetu ilikuwa saa nane mchana, Paje saa mbili asubuhi, maji yanaanza kupwa.

"Shikamoo Bibi. Kesho kutwa Mama ananifanyia pweza."

"Marahaba mjukuu wangu. Pweza mzima?"

Nunu akamweleza kwamba yupo mtoto darasani ambaye pweza wake ana miguu sita, na kwamba yeye amewaambia wote Bibi yake anachokoa pweza wa kweli kwenye mwamba kwa kijiti, na pweza wa kweli si sita. Mama yangu akaegemeza simu kwenye ndoo ya mwani, akanyoosha vidole vyote vya mkono mmoja, na vitatu vya mkono wa pili. "Minane. Mwenye sita ni yule aliyenikimbia."

Basi Jumatatu alfajiri Nunu alikuwa amepanda juu ya kigoda kando ya jiko, bado yuko na nguo za kulalia. Soseji ilikuwa fupi kuliko kidole changu. Nikaichanja msalaba kutoka nusu kwenda chini, ikawa minne, nikaigeuza, nikaugawa kila mmoja kati kwa ncha ya kisu, pole pole, mmoja ulitaka kukatika nikauacha mwembamba. Nikaitia kwenye kikaango. Kwa muda haikufanya kitu. Kisha miguu ikaanza kujikunja kwa nje, mmoja mmoja, na Nunu akaweka mkono begani kwangu ili ainame vizuri, akahesabu kwa Kiswahili, kwa sauti ya chini, kama mtu anayeogopa kumkurupusha. Alipofika saba akanyamaza, akamgeuza kwa uma. Wa nane ulikuwa chini.